Kabla ya Kumshuku Dereva, Lisikilizeni Gari



Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji, wiki hii tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona halistahiki ukurasa huu. Tumezoea hapa kuzungumzia malezi, mirathi, ujirani na mambo ya nyumba. Leo tutazungumzia gari la dizeli lililozeeka, ambalo siku moja huwaka na siku ya pili hukataa. Tunawaomba mtuvumilie, kwani jambo hili lilituingiza katika dhuluma, na lililotutoa humo ni daftari la shule la mwanamke mmoja. Tena nyumba nyingi za pwani zina gari la namna hii, na mara nyingi mama wa nyumba ndiye anayelipa gharama zake, naye hana wa kumweleza linaumwa nini.

Msikiti wetu una gari la wakfu. Ni Land Cruiser ya kale, yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, isiyotegemea kompyuta kupeleka mafuta. Magari ya ukoo huo yanajulikana kote pwani na kaskazini kwa uvumilivu wake. Letu hubeba walimu kwenda vyuo vya vijijini ng'ambo ya mto Sabaki, hubeba maiti kwenda makaburini, hubeba wagonjwa usiku, na Jumamosi hubeba mama zetu wa darsa. Likikataa kuwaka, si mtu mmoja anayekwama.

Mambo yalianza baada ya Maulidi, mwezi wa mfungo sita. Dereva, kijana aliyelelewa katika chuo chetu hiki hiki, alitupigia simu asubuhi moja akasema, "Maalim, gari halitaki kuwaka." Tulipofika tukageuza ufunguo sisi wenyewe, nalo likawaka mara moja. Tukacheka, naye akacheka. Wiki ile ile likakataa tena mbele ya duka la dawa. Akageuza ufunguo mara nne, na mara ya tano likawaka. Kamati ikasema ni betri, tukanunua betri mpya. Siku kumi zikapita kwa salama, tukahimidi kwamba ugonjwa umepatikana. Siku ya kumi na moja likakataa. Aliyetuuzia akasema huenda betri ile ilikuwa mbovu tangu dukani, tukaongeza pesa tukachukua iliyo kubwa zaidi. Hiyo nayo ikatupa raha ya wiki mbili. Ndipo tukashauriwa tuishushe pampu ya dizeli ikafanyiwe matengenezo, na pesa zilizotoka hapo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya kuezekea darasa la wasichana. Pampu ikarudishwa, gari likaenda vizuri siku tatu, kisha likarudia tabia yake.

Hapo nafsi zetu zikaanza kutafuta mtu badala ya kutafuta ubovu. Lililotupoteza ni kwamba karibu kila tulipofika sisi, gari liliwaka, na karibu kila alipokuwa dereva peke yake, lilikataa. Minong'ono ikaanza barazani. Mmoja akasema kijana amechoka kuamshwa usiku. Mwingine akasema anauza dizeli, na kuharibika kwa gari ni kifuniko. Hatukuwa na shahidi hata mmoja, wala hatukumtafuta. Tulimwita, tukamwomba ufunguo kwa maneno ya upole, na upole ule haukupunguza ubaya wa tulilolitenda. Aliuweka juu ya meza, akasema, "Haya, Maalim," akatoka.

Siku kumi na mbili baadaye, baada ya sala ya isha, jirani alitugongea mlango: mkewe ameshikwa na uchungu. Tulimpeleka kwenye zahanati, na muuguzi baada ya kumpima akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali kubwa mjini bila ya kuchelewa. Yule mama akalazwa kiti cha nyuma, mamake mzazi amempakata kichwa. Tukageuza ufunguo. Chini ya boneti ukasikika mlio mmoja, *ta*, kisha kimya. Taa za mbele zilikuwa zikiwaka kwa nguvu zote, na injini haizunguki. Tukageuza tena: *ta*. Nyuma yetu bibi yule alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, na baada ya jaribio la tano akanyamaza. Mara ya tisa gari likawaka kana kwamba halijapata kuwa na ila.

Mtoto alizaliwa salama kabla ya alfajiri, ni msichana, na mamake ni mzima, alhamdulillah. Lakini katika dakika zile hapakuwa na dereva wa kushukiwa. Ufunguo ulikuwa mkononi mwetu.

Asubuhi tulikwenda nyumbani kwao kijana. Mamake alitukaribisha, akatutilia kahawa, wala hakutuuliza tumejia nini. Tulimwomba mwanawe msamaha mbele yake. Kijana aliinamisha kichwa, akasema, "Mimi nimesamehe, Maalim. Lakini waliosikia kwamba mimi ni mwizi, nani atawaambia?" Hatukuwa na jibu. Tutalirudia swali hili mwishoni, kwa kuwa makala haya ni sehemu ya jibu lake.

Sasa tuingie katika daftari. Mwalimu wetu wa wasichana, ambaye husomesha hesabu, alipopata habari za usiku ule alitujia akasema, "Maalim, mmemtibu mgonjwa mara tatu, na hapana hata mmoja aliyemuuliza anaumwa wapi." Akachukua daftari la mistari, akalichora safu sita. Safu ya kwanza, tarehe na saa. Ya pili, gari lilikuwa limelala usiku kucha au limetoka safarini lingali na joto. Ya tatu, ni sauti gani iliyosikika ufunguo ulipogeuzwa. Ya nne, taa za dashibodi zilififia au zilibaki na nguvu zake. Ya tano, liliwaka jaribio la ngapi. Ya sita, nani aliyeshika ufunguo. Akalifunga kwa uzi pamoja na kalamu karibu na usukani, akaamuru kwamba asiyeandika asiendeshe. Dereva akarudishiwa kazi siku ile ile.

Hekima ya daftari lile ni hii. Ubovu wa kudumu humngoja fundi. Ukimpelekea gari atauona. Ubovu unaokuja na kwenda haumngoji mtu. Ukifika gereji gari huwaka vizuri, na fundi ambaye hakuona kitu hubakia kukisia, na kila kisio lina bei. Kwa hivyo ni lazima shahidi awe yule aliyekuwapo wakati wenyewe, naye aandike alichokisikia na kukiona, asiandike anachokidhani.

Baada ya wiki tatu tulikaa kulisoma. Gari lilikuwa limekataa mara 11. Katika mara zote 11 sauti ilikuwa moja, *ta*, mara moja tu. Katika zote taa hazikufifia. Mara 8 kati ya hizo injini ilikuwa ingali moto, imezimwa kwa muda mfupi. Haikutokea hata mara moja kwamba injini ilizunguka ikakosa kuwaka. Na safu ya sita ilisema kwamba dereva alishika ufunguo mara 5, sisi mara 4, na mwalimu wa chuo mara 2. Gari halikuwa likimchagua mtu. Tulipomhesabia dereva makosa, tulisahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha mara nyingi kuliko sote, na kwa hivyo ilikuwa lazima limkatalie mara nyingi zaidi.

Tueleze kidogo, kwa ajili ya wasiojua, nini hutokea ufunguo ukigeuzwa. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha moto kama ya petroli. Huivuta hewa, huikandamiza kwa nguvu mpaka ikawa moto sana, kisha mafuta hupulizwa ndani yake yakajiwakia. Kwa hivyo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuizungusha injini, nayo ni kazi ya umeme: betri, nyaya na stata. Ya pili ni kuwaka, nayo ni kazi ya mafuta, hewa na joto. Watu wengi husema tu "gari haliwaki", wakazichanganya kazi hizi mbili, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Sisi tuliishusha pampu ya mafuta kwa sababu ya injini ambayo haikuwa ikizunguka. Ni mfano wa mtu anayelalamika mguu, naye akang'olewa jino.

Ndani ya stata kuna swichi kubwa ambayo mafundi huiita solenoidi. Ufunguo ukigeuzwa, waya mwembamba huleta umeme kidogo unaoivuta bamba la shaba. Bamba hilo huja likagusa vipande viwili vya shaba kwa pamoja, na hapo ndipo umeme mwingi wa betri unapopata njia ya kupita na kuizungusha stata. Kila inapogusana, cheche ndogo huila shaba kidogo. Miaka ikipita, kipande kimoja huweza kulika kuliko mwenzake. Bamba likija huligonga moja likakosa la pili. Mlio wa *ta* utausikia, lakini njia haikufunguka. Mara nyingine linakaa kwa namna iliyotofautiana kidogo, likagusa yote mawili, na gari likawaka. Hii ndiyo siri ya gari kuwa na "siku zake".

Tulimwita fundi wa umeme wa magari, tukampa daftari kabla ya kumpa ufunguo. Alilisoma lote amesimama, kisha akatoa mita yake. Betri iliyopumzika ilionyesha volti 12.6, yaani imejaa. Akatutaka tugeuze ufunguo mara kwa mara mpaka gari likatae, nalo likakataa mara ya sita. Wakati ule wa kukataa, mita kwenye betri ilisimama kwenye 12.4. Akatufafanulia kwamba stata inapofanya kazi hula umeme mwingi, na volti za betri nzima hushuka hadi 10 au 11. Zisiposhuka, maana yake umeme hautoki kwenda popote. Zikishuka chini sana, tuseme 8 au chini yake, basi betri ni dhaifu au stata imekwama. Kisha akapima waya mwembamba pale unapoingia kwenye stata, akapata kama volti 12 ufunguo ukiwa umegeuzwa. Akapima nondo ya waya mnene, akapata vivyo hivyo. Akasema, "Maalim, umeme umefika mlangoni kote kuwili. Mlango ndio haufunguki."

Stata ikafunguliwa. Kipande kimoja cha shaba kilikuwa kimelika upande, kama kisigino cha kiatu cha mtu anayekanyaga vibaya. Vikatiwa vipande viwili vipya na bamba lake, na bei yake yote pamoja na ujira haikufika robo ya betri moja kati ya zile mbili. Tangu siku hiyo hata leo tunapoandika ni mwezi wa tano, na safu ya tano ya daftari inasema "mara ya kwanza" kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Enyi wasomaji wetu, gari lenu huenda lisiwe na ugonjwa huu. Tumemwomba fundi atupe njia ya kuanzia ambayo mtu asiyekuwa fundi anaweza kuishika, naye akasema yatosha kusikiliza vizuri. Tumeipanga hivi.

Mkigeuza ufunguo pakawa kimya kabisa, tazameni taa za dashibodi. Kama nazo zimekufa, anzieni kwenye vichwa vya betri, kwani mara nyingi kimoja kimelegea au kimeliwa na kutu. Kama taa zina nguvu, basi umeme mdogo wa ufunguo ndio usiofika: inaweza kuwa fyuzi, swichi ya ufunguo iliyochakaa, au nyaya za kengele ya wizi zilizoungwa vibaya. Gari la gia za kujiendesha lina swichi inayozuia stata mpaka gia iwe mahali pake. Jaribuni kuitoa kwenye P muiweke kwenye N. Likiwaka hapo, mmeshapata pa kumwelekeza fundi.

Mkisikia milio mingi ya haraka, *tatatata*, na taa zinafifia, betri haina nguvu au umeme wake unazuiwa njiani. Sisi watu wa pwani tuna adui wetu hapa. Upepo wa bahari una chumvi, na anayepita kila siku karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni analijua hilo kwa mabati ya nyumba yake. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ndio dalili. Hutolewa kwa maji ya moto na magadi kidogo ya jikoni, pasiingie kitu ndani ya betri, kisha hukaushwa, hukazwa na kupakwa grisi. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Msiusahau waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mwili wa injini, ule mafundi wanaouita ethi, kwani huo hujificha chini na husahauliwa miaka. Baada ya kupiga stata, guseni maungio kwa uangalifu: ungio lililopata joto kuliko mengine ndilo linalozuia umeme.

Mkisikia *ta* moja nzito na taa zikabaki na nguvu, basi huenda mko tulipokuwa sisi.

Injini ikizunguka kwa nguvu na isiwake, iacheni betri na stata. Mtu mmoja asimame nyuma atazame bomba la moshi. Pasipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki. Katika pampu za aina ya gari letu kuna solenoidi ndogo inayofungua mafuta. Ufunguo ukiwekwa mahali pa kuwasha, bila ya kupiga stata, husikika mlio mdogo kwenye pampu. Usiposikika, mfuateni fundi kwa habari hiyo. Gari likisumbua asubuhi tu, hasa lililolala limeinuka mbele, huenda hewa inaingia kwenye mipira mikongwe ya mafuta na dizeli inarudi tangini usiku. Juu ya filta pana pampu ya mkono. Ibonyezeni mpaka iwe ngumu kabla ya kuwasha. Likiwaka mara moja siku mlizobonyeza na likisumbua siku mlizoacha, mmepata jibu bila ya kulipa chochote. Na kama unatoka moshi mweupe lakini injini haishiki, mafuta yanafika ila joto halitoshi, na hapo hutazamwa hita plagi. Joto letu la pwani huzificha hita zilizokufa. Wengi hawajui kwamba zao zimekufa mpaka wapande Limuru mwezi wa saba kwenda harusini, gari lifanye inda kulipopambazuka.

Kuna tahadhari ambazo hatuwezi kuziacha. Kwanza, baadhi ya Land Cruiser zilizoletwa kutoka Japani zina betri mbili za mfumo wa volti 24. Msiziunganishe na gari la volti 12 mkitaka kuazima umeme. Pili, msikubali mtu aunganishe nondo za stata kwa bisibisi wakati gia imeingizwa, kwani gari huruka mbele, na aliye mbele hapati nafasi ya kukimbia. Tatu, ile dawa ya kupulizia kwenye njia ya hewa ili injini ishtuke iwake ni hatari katika injini yenye hita plagi. Huweza kulipuka na kuvunja vyuma. Nne, gari likisukumwa injini ikiwa imezimwa, breki huwa nzito sana. Watoto waondolewe nyuma na mbele, na mteremko usifanywe mchezo.

Sasa tunasema na mama zetu na dada zetu wanaolipeleka gari gereji wenyewe, na hasa wajane waliorithi gari na hawakurithi aliyekuwa akilijua. Fundi mwaminifu hachukizwi na swali. Kabla ya kukubali kifaa kibadilishwe, muulizeni mambo matatu: umepima nini, kipimo kimesema nini, na tukibadilisha kifaa hiki ni dalili gani itakayoondoka. Sisi hatukuuliza hata moja kati ya hayo, tukalipa mara tatu. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati, ili kijulikane kilichoponya. Kifaa cha zamani mrudishiwe mkione. Wala msiseme gari limepona mpaka zipite siku nyingi kuliko muda mrefu zaidi ambao liliwahi kukaa bila ya kukataa. Gari letu liliwahi kukaa wiki mbili salama likiwa bado gonjwa, kwa hivyo siku kumi za salama baada ya betri ya kwanza hazikuwa ushahidi wa kitu. Ni furaha yetu tu iliyozifanya ushahidi.

Na katika furaha na katika hasira, mwanadamu ni mwepesi wa kuhukumu. Tumeamrishwa tuhakikishe habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga kisha tukabaki kujuta. Hayo tunayasomesha watoto tangu wangali wadogo, na tunayaeleza juu ya mimbari. Lakini tulidhani yanahusu habari zinazoletwa na watu. Hatukufikiri kwamba gari bovu nalo laweza kuleta habari za uongo juu ya mtu mwema, nasi tukazipokea bila ya kuzichunguza kwa kuwa zilikubaliana na minong'ono ya baraza.

Kwa swali la kijana yule, tulifanya hivi. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tulisimama tukalisoma daftari mbele ya jamaa, mstari kwa mstari, pamoja na safu ya sita. Tukasema wazi kwamba tulimdhulumu, na kwamba aliyemnong'ona ana wajibu wa kwenda kulirudisha neno lake kule alikolipeleka. Wako waliokwenda. Wako ambao hawakwenda, nasi hatuna mamlaka juu ya ndimi zao. Kwa sababu barua hii ya kila wiki hufika nyumba ambazo sauti ya msikiti haifiki, tumeona tuandike na hapa. Wanaomjua wanamjua. Na tuliosema naye vibaya tunajijua.

Darasa la wasichana bado halijaezekwa. Pesa zile zilikwenda katika pampu isiyokuwa na kosa, nayo ni amana iliyo shingoni mwetu sisi tuliotia saini. Tumeanza kuirudisha kidogo kidogo mfukoni mwetu, na mwalimu wa hesabu ameichorea safu zake katika daftari jingine.

Tunamwomba Mola atujaalie subira ya kupima kabla ya kukata, atuhifadhie safari zetu, na awape siha mama na mtoto wa usiku ule. Wallahu aalam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.